Mwanga Uliosubiriwa

Katika picha hii maji hayaanguki. Yametandazwa kutoka ukingo wa jabali hadi chini, meupe na laini, kipande kimoja cha hariri chenye kimo cha mita 60 na upana wa mita 25 hivi, na juu yake mbingu imewaka kijani. Ni maporomoko ya Skógafoss, kusini mwa Aisilandi, usiku wa majira ya baridi. Majabali ya pembeni ni meusi tititi, nyota zimetapakaa, na mwanga wa kijani umepinda juu ya maji ukapotelea nyuma ya kilima. Picha imetundikwa sebuleni kwangu, na wageni husimama mbele yake. Wakishamaliza kuisifu huuliza mambo mawili, karibu kwa maneno yaleyale. Vijana huuliza: kweli ilikuwa hivi? Wazee huuliza: na watu wako wapi? Nimekaa na maswali haya muda mrefu kuliko nilivyokaa na picha yenyewe, na kila nikidhani nimemaliza moja, la pili hunirudisha nyuma.

La vijana lina jibu linalowavunja moyo, nami hulitoa hivyo hivyo. Macho yangu hayakuona kijani hiki. Usiku ule mtu akitazama juu aliona kitu cheupe chenye ukijivu, utando mwembamba uliojinyoosha kutoka mashariki hadi magharibi, ambao mgeni angeuita wingu mpaka pale ulipojikunja na kukimbia kwa mwendo ambao wingu haliwezi kuwa nao. Jicho la binadamu gizani hutegemea zile chembe zake zinazotambua mwanga na giza tu, zisizojua rangi, na hata hizo huhitaji kama nusu saa ya giza kabla hazijaamka sawasawa. Mianga ya kaskazini ikipamba moto, rangi huonekana kwa macho: kijani huja wazi, na pindo la chini huweza kuwa waridi. Siku za kawaida jicho hupata weupe hafifu, kamera hupata rangi. Jicho huutumia mwanga papo hapo wala haliweki akiba. Kamera, shata yake ikiachwa wazi sekunde 15, hupokea na kuweka, hupokea na kuongeza, na muda ukiisha ina hazina ambayo jicho halikupata kuwa nayo kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Kijani kilikuwapo, oksijeni iliyoko kilomita 100 na zaidi juu ya vichwa vyetu ilikuwa inakitoa kweli. Kwa hiyo nikiulizwa kama picha ni ya kweli, najibu kwamba ndiyo, ila ni kweli ambayo hakuna aliyeiona.

Na maji nayo? Shata ikifunguliwa kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, kila tone husimama hewani na kivuli chake, unaweza kulihesabu. Ikiachwa wazi sekunde kadhaa, matone yote yaliyopita mbele ya lenzi huchorwa juu ya mengine, na kinachobaki ni njia ya maji bila maji yenyewe. Wapiga picha hubishana sana hapa. Wapo wanaodharau hariri wakisema ni pambo la kalenda, na kwamba maji ya kweli ni yale yenye matone. Siwaafiki. Mpiga picha wa karne ya 19, mtu wa zama za Sigfús Eymundsson aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuipiga picha Aisilandi, alitumia sahani za kioo zilizopokea mwanga polepole, na mto wenye kasi ulimtokea ukungu apende asipende. Hariri ni kongwe kuliko tone. Na tone lililosimama ni jambo geni zaidi kwa jicho letu: nani amewahi kuona maji yakisimama hewani? Aliyekaa kando ya mto mkubwa tangu alasiri hadi jua kuzama hakumbuki tone lolote. Anakumbuka kwamba maji yalikuwa yanapita na mahali pa kupita palikuwa palepale. Picha ya muda mrefu iko karibu na kumbukumbu kuliko ilivyo karibu na macho, na kwangu hilo ni sifa.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Skógafoss hurusha manyunyu mbali, na upepo ukigeuka hukufuata ulipo. Unainamisha kamera, unaifuta lenzi kwa kitambaa kikavu ukizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, unaifunika kwa kiganja, unaiinua, unasubiri upepo upumue, unaondoa kiganja na kubonyeza kwa waya ili kidole kisiitikise. Tone moja likitua kwenye kioo, mahali palipokuwa na nyota patakuwa na duara la ukungu, na kazi inaanza upya. Betri hukaa mfuko wa ndani, kifuani, kwa kuwa baridi huinyonya nguvu. Glavu ya mkono wa kulia huvuliwa ili vidole vipate kuhisi mzunguko wa lenzi: nyota moja angavu hukuzwa kwenye kioo cha nyuma, unasogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka nyota iliyovimba inywee iwe nukta, halafu kipande cha utepe wa gundi kinabandikwa ili lenzi isihame. Chuma cha stendi ya miguu mitatu kikiguswa kwa mkono mtupu huuma. Hata kurudi ndani kuna adabu yake. Kamera hufungwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado nje, maana ikiingia wazi kwenye nyumba yenye joto, unyevu wa hewa ya ndani hutua juu ya vioo vyake na kupenya mpaka mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Kisha ni kungoja. Aliye juu mngoje chini, husema wahenga, wakiwalenga wenye makuu; kwenye theluji, shingo ikiwa imepinda, nimeikuta methali hiyo bila kinyongo chochote ndani yake. Aliye juu hana ratiba. Upepo wa jua husafiri siku mbili tatu kutoka juani hadi duniani, ukifika hupokewa na usumaku wa dunia na kuelekezwa kwenye pete mbili zinazozunguka ncha za kaskazini na kusini, na ni ndani ya pete ya kaskazini ndipo Aisilandi ilipo. Kuna jambo moja katika elimu hii ambalo sijaacha kulistaajabia tangu nililijue. Oksijeni ikigongwa huko juu haitoi mwanga mara moja. Chembe itakayotoa kijani hukaa na nguvu iliyopewa karibu robo tatu ya sekunde ndipo iiachie. Itakayotoa nyekundu hukaa karibu dakika mbili. Dakika mbili kwa chembe ni umri mrefu mno, na ikigongwa na jirani yake kabla muda haujatimia, nguvu ile hupotea bila mwanga wowote. Ndiyo sababu nyekundu huonekana juu sana, kilomita 200 na zaidi, ambako hewa ni adimu kiasi kwamba chembe huweza kukaa bila kusumbuliwa mpaka zamu yake ifike. Mtu anayesimama chini na shata wazi anangojea kitu ambacho nacho kinangoja.

Kungoja huko kulinitoa kwenye saa yangu. Sisi tuliolelewa karibu na ikweta tunaihesabu siku tangu jua lichomoze: saa moja ni saa moja ya mchana, saa kumi na mbili jua linazama, na mwaka mzima hesabu hiyo haimtupi mtu. Ichukue saa hiyo uende nayo Reykjavík. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa tano na nusu asubuhi, huambaa juu ya upeo wa macho, na saa tisa na nusu alasiri limekwisha. Mwishoni mwa Juni huzama saa sita usiku na kuchomoza tena kabla ya saa tisa, na kati ya hapo giza halipati nafasi, ndiyo maana anayetaka mianga haendi huko kiangazi. Pwani yetu jua huanguka wima. Magharibi huwaka, adhana inaadhiniwa, na baada ya dakika ishirini na kitu ni usiku. Mpiga picha wa Lamu au Bagamoyo anayeitaka rangi ya machweo lazima awe ameshajipanga. Kaskazini jua hushuka mshazari, hivyo ile nuru ya dhahabu ambayo kwetu ni ya kugombaniwa, kule hukaa kwa saa nyingi, na siku nzima ya Desemba ni alfajiri inayoungana na machweo. Nilipoizoea niliona inavyombadilisha mtu. Hukimbilii mwanga tena. Unatembea ndani yake, unachagua pa kusimama, unabadili mawazo, unarudi, nao bado upo.

Mbingu nayo imeinama upande mwingine. Ukiacha shata wazi kwa muda mrefu, au ukiziunganisha picha nyingi zilizopigwa mfululizo, nyota huchora njia zake, nyuzi 15 kila saa. Aisilandi njia hizo huzunguka kitovu kilichoko juu sana, pale ilipo nyota ya kaskazini, ambayo kimo chake angani hulingana na latitudo ya mahali, nyuzi 64 hivi. Dar es Salaam nyota hiyo haionekani kabisa. Iko chini ya upeo. Manahodha wa Oman waliokuja pwani yetu na kaskazi waliijua kwa jina la Jah, na walikuwa wakiipima kwa vidole juu ya maji usiku baada ya usiku, wakiiona ikishuka kadiri majahazi yalivyoelekea kusini, mpaka ikazama na ikabidi waelekezwe na nyota nyingine. Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu hiyo katika karne ya 15, aliandika tungo nzima kuhusu njia ya bahari iendayo Sofala. Niliwafikiria watu hao mbele ya maporomoko yale, shingo nimeikunja kuitafuta nyota ambayo kwao ilikuwa kipimo cha umbali kutoka nyumbani. Kwao kushuka kwake kulikuwa habari kwamba Mombasa inakaribia. Nami nilikuwa naiona juu kuliko mabaharia wale walivyowahi kuiona, na kwa hesabu yao mimi ndiye niliyekuwa mbali.

Ndipo swali la wazee hunishika. Watu wako wapi? Ni desturi ya picha hizi kuwasubiri watu watoke. Basi la watalii likishusha abiria, wenye kamera hukaa kando ya mto wakingoja wa mwisho apande, na pale tu ardhi inapobaki peke yake ndipo shata hufunguliwa. Kwa hiyo picha nyingi za kaskazini zinazosambaa duniani huonyesha nchi isiyo na wenyewe: barafu, jabali, maji, anga. Mtu akiziona nyingi huanza kuamini kwamba huko hakujawahi kuwa na mtu, na kwamba uzuri ule ulikaa tangu enzi ukimsubiri mgeni mwenye lenzi pana. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulitambua jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa nyika zetu zimepigwa picha hivyohivyo: twiga, mgunga, jua linazama, na Mmasai aliyechunga pale tangu babu zake yuko nje ya fremu.

Katika majira ya baridi ya 1882 kuingia 1883, mwalimu mmoja kutoka Denmark, Sophus Tromholt, alikwenda kukaa Kautokeino, kaskazini kabisa mwa Norwei, kuichunguza mianga. Alibeba kamera na sahani za kioo zilizokuwa nyepesi kupokea mwanga kuliko zote alizoweza kuzipata. Alijaribu kuipiga picha mianga, na kioo kikatoka kitupu, bila hata alama. Teknolojia ya siku zile haikuwa na uwezo. Picha ya mianga ilingojewa hadi 1892, Martin Brendel alipoipata huko Bossekop, katika eneo lilelile la kaskazini, picha ya ukungu usio na umbo kamili lakini picha hata hivyo. Baadaye, kuanzia 1910, Carl Størmer, mtaalamu wa hisabati wa Norwei, aliwaweka wasaidizi wenye kamera mahali palipoachana kwa kilomita kadhaa, wakaunganishwa kwa simu ili wafungue shata kwa wakati mmoja, na kwa tofauti ya nyota nyuma ya mwanga akakokotoa kimo chake. Hao walifaulu. Aliyeshindwa ndiye ninayemrudia. Tromholt, anga ilipomkatalia, aliigeuza kamera ikawatazama majirani zake. Aliwapiga picha Wasami, wenyeji wa Kautokeino, wanaume kwa wanawake, mmoja mmoja, uso ukiwa umetulia na macho yakiitazama lenzi bila woga, katika zama ambazo Wazungu wengi waliokwenda kwa Wasami walikwenda kuwapima vichwa. Na aliandika majina yao. Leo picha hizo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Bergen, na mwaka 2013 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Michoro yake ya mianga inajulikana na wataalamu wachache. Nyuso zile zinatafutwa na wajukuu.

Wasami walikuwa wakiitazama mianga vizazi vingi kabla ya Tromholt, na walikuwa na adabu nayo. Mtoto alikatazwa kuipigia mbinja. Niliposikia hivyo nilicheka kwa furaha ya kukutana na ndugu, kwa maana kwetu pia mtoto akipiga mbinja usiku huambiwa ataita nyoka, na wengine husema ataita majini. Watu wasiojuana, mmoja kwenye theluji na mwingine chini ya mkoko, wamekubaliana kwamba usiku una wenyewe na haupigiwi kelele. Sijui kama shata ni kelele. Ila naona kwamba adabu ile ilikuwa namna ya kutazama, na anayefika na vyombo vingi huweza kuwa na macho machache kuliko mtoto aliyekatazwa mbinja.

Na maporomoko nayo yana wenyewe. Gullfoss, katika mto Hvítá, ni mahali ambapo maji ya barafu ya Langjökull hushuka ngazi mbili, ya mita 11 na ya mita 21, kisha hutumbukia katika ufa wa mwamba hivi kwamba ukiwa mbali kidogo unaona mto mkubwa ukimezwa na ardhi. Hupigwa picha kila siku ya mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wawekezaji walitaka kuutumia mto huo kuzalisha umeme, na ardhi ile ilikuwa ya familia ya wakulima wa Brattholt. Sigríður Tómasdóttir, binti wa nyumba hiyo aliyezaliwa 1871, alikataa. Alifungua kesi, akasafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda Reykjavík, mara nyingine kwa miguu, na inasimuliwa kwamba aliapa kujitupa ndani ya maji siku ujenzi utakapoanza. Wakili aliyemtetea, Sveinn Björnsson, baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo, mwaka 1944. Mahakamani Sigríður hakushinda. Mradi ulikufa kwa sababu kodi ya ardhi haikulipwa, yeye akafariki 1957, na Gullfoss ikawekwa chini ya hifadhi mwaka 1979. Kando ya njia kuna jiwe lenye sura yake. Nilisimama hapo nikiwaangalia watu wakipita na stendi zao kuelekea ukingoni, wakiwahi mwanga, na nikawaza kwamba kila picha wanayokwenda kuipiga, ile isiyo na mtu hata mmoja, ina mwanamke huyu ndani yake. Maji hayakubaki pale kwa bahati.

Kwingine hayakubaki. Mashariki mwa nchi hiyohiyo, bwawa la Kárahnjúkar lilianza kujazwa mwaka 2006 kwa ajili ya umeme wa kiwanda cha alumini, na maporomoko kadhaa yakazama chini ya ziwa jipya. Umeme ni haja ya kweli, na sisi tunaokatikiwa umeme tunaijua thamani yake. Silikatai bwawa kwa sababu tu nina kamera. Lakini kuna msanii wa Aisilandi, Rúrí, aliyefanya jambo ambalo wapiga picha wote wa maji wangepaswa kuliona. Mwaka 2003, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, alipeleka kabati la chuma lenye picha 52 za maporomoko zilizochapishwa kwenye karatasi angavu, kila moja katika fremu ya kuvuta. Mtazamaji akivuta fremu, sauti ya maporomoko yaleyale inaanza kunguruma, akiirudisha, inanyamaza. Aliziita nyaraka za maji yaliyo hatarini. Nikiifikiria kazi hiyo najua kile kilichopungua ukutani kwangu. Skógafoss huingia kifuani kabla haijaingia machoni; ukiwa karibu nayo husikii hatua zako wala sauti ya anayekuita kwa nyuma, na mbavu zako zinatetema. Picha yangu ni nzuri na ni kiziwi. Rúrí alikataa kuyahifadhi maji kwa jicho peke yake, na akamfanya mtazamaji avute kwa mkono wake ili asikie na arudishe kwa mkono wake ili yanyamaze.

Barafu inayolisha mito hiyo nayo inapungua. Okjökull iliondolewa katika hesabu ya barafu hai za Aisilandi mwaka 2014, na mwaka 2019 watu walipanda mlima ilipokuwa imekaa wakaweka kibao cha shaba cha kumbukumbu, wakafanya kile ambacho kwa mtu tungekiita mazishi. Mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa zaidi. Amekuwa akiitazama Kibo ikivuliwa weupe wake tangu utoto. Sisi wapiga picha tuna sehemu yetu pia. Kuna bonde jembamba liitwalo Fjaðrárgljúfur ambalo lilionyeshwa katika video ya Justin Bieber mwaka 2015. Baada ya hapo umati ulikuja, uoto laini unaofunika miamba ukakanyagwa hadi kwenye tope, na mwaka 2019 mamlaka zikalifunga kwa muda ili lipumzike. Uoto ule hukua taratibu mno. Alama ya kiatu huweza kukaa pale miaka mingi, muda mrefu kuliko picha iliyofuatwa itakavyokumbukwa.

Lakini usiku mmoja wa Septemba 2016, tarehe 28, Reykjavík ilizima taa za barabarani katika sehemu kubwa ya mji kwa saa nzima, ili wakazi wake waione mianga. Hilo nalipenda kuliko picha yoyote. Mji mkuu ukakubali kukaa gizani kwa ajili ya kutazama. Watu walitoka nje, wakasimama vibarazani na kwenye maegesho ya magari, wengine na kamera, wengine mikono mifukoni. Na huku kwetu, nadhani wengi wetu tuliona Njia ya Maziwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya giza ambalo hatukulichagua, umeme ulipokatika, mama akatoa mkeka nje, watoto wakalala chali. Mtoto wa mjini leo, jenereta ya jirani ikiwaka mara moja, hata hilo hapati. Kabla hatujampa kamera tungempa usiku. Ni jambo linalowezekana: mtaa mmoja, saa moja, taa zimezimwa kwa makubaliano, na mzee mmoja anayejua majina ya nyota.

Tangu nimjue Tromholt nimeacha kuandika jina la mahali na tarehe tu nyuma ya picha zangu. Nyuma ya ile ya Gullfoss nimeandika mto Hvítá, barafu ya Langjökull, Sigríður wa Brattholt. Nyuma ya Skógafoss nimeandika mto Skógá, sekunde 15, oksijeni, na mkulima wa jirani ambaye, alipoona tochi zetu zikihangaika bondeni, alizima taa kubwa ya zizi lake bila kuombwa. Sikumuuliza jina. Nitakaporudi ndilo la kwanza nitakaloulizia, na nafasi yake nimeiacha kwenye karatasi.